Baba, Jibu Lilikuwa Njiani

Baba,

Shikamoo.

Ungekuwepo ungeitika "marahaba" ile ndefu, ya mtu anayenyoosha mgongo, kisha ungeuliza habari za mvua kabla ya habari zangu. Mvua imenyesha vizuri, mpaka tumechoka kuisifu. Desturi ya barua inanidai sasa niseme mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Lakini wewe hofu zimekuisha, Baba. Ni mimi niliyebaki nazo. Ndiyo sababu nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, wagonjwa wenyewe wameshakwenda kula, naandika barua ambayo hakuna posta itakayoipokea.

Ndiyo, benchi la wagonjwa. Mimi ndiye mganga wa zahanati ya kijiji sasa. Usicheke. Najua uliwahi kuwaambia watu kwamba mikono yangu haifai hata kumfunga mbuzi kamba. Siku hizi inafunga vidonda, na waliofungwa wanarudi kushukuru, isipokuwa mmoja aliyerudi kugomba.

Mama hajambo. Dada Nyamizi amejifungua tena huko Ntalikwa, mtoto wa kiume, wamempa jina lako. Ana kichwa kikubwa kama chako, masikini. Kijiji chetu kimeanza kufanana na kijiji: shule imepata bati, kisima kina maji mwaka mzima, na mwenyekiti bado anahutubia mpaka kuku wanaingia bandani. Hayo ndiyo ya kawaida. Lipo moja ambalo si la kawaida, nililiona kwa macho yangu nilipokuwa chuoni, na tangu siku hiyo sijawahi kukufikiria kama nilivyokuwa nikikufikiria. Lakini lazima kwanza nikiri nilichokutendea, nisije nikajifanya mwana mwema kwenye barua.

Ulikuwa na mistari miwili ya mizinga. Wa karibu niliujua, tuliutundika pamoja. Wa mbali ulianzia kwenye njia ya zamani ya wapagazi, ile aliyoipita babu yako na mzigo begani enzi za misafara, halafu ukaacha njia na kuzama kwenye miyombo kwa mwendo wa siku nzima. Kila mzinga ulikuwa na jina la mtoto aliyezaliwa kwenye ukoo mwaka uliotundikwa. Ulikuwa ukiyataja kwa mpangilio huku unasokota kamba za magome, kisha, ukitaka kutuonyesha ubabe, unayataja kinyumenyume, na Mama anakuambia uache majivuno. Kwetu mstari wa mizinga hausemwi kwa mdomo. Mwenyewe anakutembeza, anakushika mkono, anauweka kwenye kila mti, na ambaye hajawekwa mkono hafungui mzinga hata akiufumania njiani. Zamu yangu ya mstari wa mbali ilikuwa bado. Ulisema, "Wewe bado unatembea kama unafukuzwa."

Halafu tukahamia kijiji cha ujamaa, na mwaka huohuo ukaanza kuondoka ukiwa umekaa palepale.

Sijui niseme vipi. Hukulia. Ungelia tungejua la kufanya, tungekuita mzee mwenye msiba, tungekaa nawe mkekani. Uliamka kabla ya jogoo ukaegemea ukuta. Chakula ulikigusa kwa adabu tu. Asali, Baba, asali! Ulionja ukasema haina ladha, nikaionja mimi, ilikuwa asali. Mtu akikuuliza umeamkaje, swali lilikaa kwako mpaka muulizaji akaona haya akaaga. Ulianza kusokota kamba ukaishia katikati, ukaitazama mikono yako kana kwamba umeiazima. Jirani walisema umechoka na kuhama. Wengine walisema umenuna. Mimi nilikubaliana na waliosema umenuna, kwa sababu kununa ni kitu nilichokielewa.

Ndipo kikaundwa kikundi cha nyuki. Mizinga yote ya kijiji iwe ya wote, na kila mwenye mstari awatembeze wanakikundi. Mzee Kapaya, kiongozi wa kikundi, alikuheshimu sana, alivaa na kofia yake nzuri siku ile. Ulitutoa asubuhi ukiwa mbele. Tulipofika pale njia ya wapagazi inapoachana na kijinjia chako, ulisimama. Ukatazama huku. Ukatazama kule. Jua likapanda, watu wakakaa chini, wakala viazi vyao, wewe umesimama tu na jasho linakutoka usoni. Mchana uligeuka wewe, ukarudi nyumbani, nasi tukakufuata kama watu waliotoka kuzika.

Kwenye mkutano wakasema unaficha. Kwamba Mzee hataki jasho lake liwe la wote, anasubiri ujamaa uishe akalambe asali peke yake. Mzee Kapaya akasema tusihukumu, mwanawe yupo, aulizwe. Nikasimamishwa. Swali lilikuwa moja: anajua mizinga ilipo, au hajui?

Baba, ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema anaumwa. Lakini mimi nilikuwa na fahari nawe, fahari ya kijinga, na sikutaka watu wadhani mtu wa ukoo wetu anaweza kusahau mti. Nikasema kwa sauti, "Baba yangu hajawahi kusahau mzinga hata mmoja. Anajua. Hataki tu."

Nilidhani nakusifu. Niliona mabega yako yakishuka. Toka siku hiyo ukawa mnyonyaji. Watoto walikuimbia wimbo wa kupe ukienda shamba la kijiji na jembe lako. Nilimchapa mmoja wao, lakini wimbo nilikuwa nimeutunga mimi.

Asubuhi niliyoondoka kwenda chuo, kijiji kimenichagua kusomea utabibu wa zahanati, nilikuja nikachuchumaa mbele yako. Nilitaka kukupa nafasi ya mwisho, ndivyo nilivyojiambia, eti mimi nikupe wewe nafasi! Nikakuuliza: mzinga wa Nyamizi, ule wa kwanza kabisa wa mstari wa mbali, uko mti gani? Ulinitazama. Midomo yako ilisogea, ikatulia, ikasogea. Nikasubiri, nikaona nasubiri sana, gari la kwenda Tabora mjini linapiga honi barabarani. Nikasimama nikasema, "Basi, kaa nayo mizinga yako." Nikaondoka.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako. Telegramu ya homa ya mapafu ilinikuta chuoni, na nilipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeshaota majani.

Sasa nikueleze nilichokiona.

Chuoni tulikuwa na daktari mmoja mfupi, mtu wa Bukoba, mpole, anayepiga chafya kila akifungua dawa. Siku moja alitupeleka kwenye chumba cha nyuma cha hospitali. Juu ya meza palikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo, kwenye maji ya dawa makali, ubongo wa mtu. Jina lake hatukuambiwa. Daktari alituamuru kwanza tusimame kimya, tumshukuru huyo mtu kila mmoja moyoni mwake, na wale wenzangu watundu wote walisimama wima kama wako kanisani.

Kwa nje ulikuwa wa rangi ya majivu, umekunjamana. Nilijisemea, kumbe ndiyo haya tu? Halafu akaukata kwa kisu kirefu, akaufungua kama mkate. Baba! Ndani ulikuwa mweupe. Lile jivu lilikuwa ganda tu, jembamba kama ganda la muhogo, na chini yake weupe, weupe mwingi, kama sega jipya kabla nyuki hawajatia kitu. Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kutisha, nikajikuta nasogea karibu.

Daktari akachukua kijiti butu akaukwangua ule weupe polepole. Ukaanza kuachana nyuzinyuzi. Nyuzi, Baba, nyembamba kuliko chochote ulichowahi kuchana kwenye gome, zimelala pamoja, nyingine zinatoka mbele kwenda nyuma, nyingine zinavuka toka upande huu kwenda upande wa pili. Akasema lile jivu la juu ndilo linalofikiri, lakini hakuna sehemu yake inayofikiri peke yake. Jina linakaa pengine, sura pengine, mdomo unaendeshwa na pengine, na ili mtu aseme tu "yule ni mwanangu," habari lazima zipite kwenye weupe huu, ziende na kurudi, mara ngapi hakuna awezaye kuhesabu. Akatuambia tuguse. Niligusa kwa ncha ya kidole. Nilimwogopa Mungu siku ile kuliko siku zote nilizowahi kuomba.

Wenzangu walipotoka nilibaki. Nikamweleza habari zako bila kusema ni zako, nikasema ni mzee fulani wa kijijini. Kwamba alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, kisha huzuni isiyo na jina ikamkalia, na akili yake ikawa nzito, na mambo aliyoyajua kama mkono wake yakamgomea. Nikamwuliza humu ndani mwa mtu kama huyo kuna nini.

Alikiweka kijiti mezani. Akafuta miwani, akapiga chafya. Akasema, "Sijui, na usimwamini atakayekwambia anajua. Ukiupasua wake kwa kisu hiki utauona sawa na huu." Lakini akasema amewauguza watu hao wengi, na kwamba ugonjwa huo unaitwa sonona, na ni ugonjwa kweli, si kununa. Huzuni ya namna hiyo haikai usoni tu, inaingia mpaka kwenye kukumbuka na kuamua. Alisema hujiuliza mara kwa mara kama si humu, kwenye weupe, habari zinakochelewa. Huenda siku moja watu watapata chombo cha kuona nyuzi hizi mtu akiwa hai, na wataona tusichokiona. Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Wengi wao jibu wanalo, kijana. Kulifikisha ndiko kunakowashinda."

Nilikwenda kuosha mikono. Nikatoka nje. Palikuwa na foleni ya wagonjwa, kina mama na vilemba vyao, wazee na kofia zao, na muuza karanga mmoja anayegombana na mteja. Kila kichwa kilikuwa na weupe ule ndani. Yule muuza karanga alitoa tusi moja la haraka, nami nikasimama namshangaa kama nimeona muujiza, jinsi tusi lile lilivyopita njia zote zile likatoka limenyooka. Akaniuliza nina shida gani. Nikanunua karanga ili aniache.

Ndipo nikakukumbuka umesimama pale njia zinapoachana, jasho linakutoka. Hukuwa umekataa, Baba. Ulikuwa unatafuta. Asubuhi nzima, mbele ya watu, ulikuwa unatafuta ndani yako kitu ulichojua kipo, na hukukata tamaa mpaka jua lilipopinda. Sisi tumekaa chini tunakula viazi. Hakuna kazi uliyowahi kuifanya porini iliyokuwa nzito kama ile, na hakuna aliyekupa pole.

Nilipomaliza masomo nikarudi, na jioni ya kwanza nikamsimulia Mama yote haya. Alikuwa anapepeta mtama. Nilipofika kwenye asubuhi ile niliyokuuliza nikaondoka, ungo ukasimama mkononi mwake.

Akasema, "Mbona alijibu?"

Nikamwuliza alijibu nini, lini. Akasema mimi nilikuwa nimeshavuka shamba la mihogo, na vumbi la gari limeshatulia. Ndipo wewe, Baba, ukasema, bado unatazama pale nilipochuchumaa: "Mninga wenye kovu la radi, ukishapita kichuguu chenye vichwa viwili, mkono wa kulia." Ukasema tena mara ya pili, vilevile. Kisha ukamgeukia Mama aliyetoka jikoni, ukasema, "Mwambie."

"Sasa nikuambie nini, mwanangu?" Mama akaniuliza, na sauti yake imeanza kupotea. "Sikusikia swali lako, nilikuwa jikoni. Nilisikia mti tu. Nilijua anaongea na waliokufa."

Tulilia, Baba. Tulilia mpaka mtama ukamwagika na kuku wakashukuru.

Kesho yake nilimfuata Mzee Kapaya. Hakutaka kuja. Alisema mambo ya marehemu yaachwe yapumzike. Nikamwambia marehemu huyu hajapumzika na mimi ndiye niliyemzuia. Akachukua kofia yake. Tukapita njia ya wapagazi, tukaiacha pale ulipoachia, na baada ya mwendo wa asubuhi nzima tukaona kichuguu. Vichwa viwili. Mkono wa kulia mninga mkubwa, umepasuka toka juu kwa radi ya zamani, na kwenye tawi lake mzinga wa gome wenye alama yako, na nyuki wanaingia na kutoka kama hakuna kilichowahi kutokea duniani.

Mzee Kapaya alivua kofia. Aliitazama alama yako, kisha akasema, "Hakuficha." Akauliza tuufungue? Nikamwambia sisi hatujawekwa mkono. Akakubali kwa kichwa. Tukarudi bila hata tone la asali, na wale wa kikundi walitucheka.

Kwenye mkutano uliofuata niliomba nafasi. Nilisema mbele ya watu walewale kwamba nilisema uongo nikidhani nasema kweli, kwamba Baba yangu alikuwa mgonjwa na ugonjwa wake ulikuwa kichwani mahali pasipoonekana, na kwamba alijibu, ila jibu lilichukua muda kufika na mimi sikuwepo kulipokea. Nilitaka kuwaeleza na nyuzi, nikashindwa. Mama mmoja nyuma alianza kulia. Wengine walitazama chini. Mmoja alisema ugonjwa wa kusahau mizinga ni ugonjwa mtamu, watu wakacheka kidogo, Mzee Kapaya akamkaripia. Mwenyekiti, unavyomjua, akaamuru iandikwe kwenye muhtasari kwamba marehemu hakuwa mnyonyaji, alikuwa anaumwa. Imeandikwa. Katibu alinionyesha, una na mhuri.

Sikudanganyi, wapo wasioamini mpaka leo. Na mizinga mingine ya mstari wa mbali hatujaipata. Wanakikundi wanataka kuitafuta kiangazi, nimewaambia watafute, lakini wasiifungue kwanza, nao wamenikubalia kwa nongwa. Ipo huko, Baba, kila mmoja na jina lake, na nyuki hawajui kama mwenyewe hayupo.

Juzi mtu mmoja alimleta mkewe hapa zahanati. Amekuwa mvivu, akasema, haongei, ukimtuma chumvi analeta maji. Huyo mama alikaa ulipo mkono wangu sasa hivi. Nikamwuliza analala usiku au halali. Akanitazama. Midomo yake ikasogea. Mume akataka kumjibia nikamnyamazisha. Foleni ikaanza kuguna, mtoto akalia, mzee mmoja akauliza kama mganga naye amelala. Nikakaa. Nilikuwa naifikiria ile safari yote inayofanyika humo ndani, gizani, kwenye weupe ule. Kisha yule mama akasema, taratibu, "Silali. Tangu mavuno."

Maneno matatu tu. Sijawahi kupokea kitu kizito kama kile.

Dawa nilizo nazo ni chache, na nyingi hazimhusu. Nimemwandikia aende hospitali kubwa mjini, na nimemweka mumewe chini nikamweleza kwa nusu saa, nikiwa mkali kuliko inavyofaa. Ninachokuahidi ni hiki, na nakuahidi kwa jina lako ambalo sasa analo mtoto wa Nyamizi: sitamwuliza mtu swali nikaondoka kabla halijajibiwa. Wacha foleni igune.

Kwaheri, Baba. Udongo ulio juu yako uwe mwepesi. Mama anakusalimu, na anasema asali ya mwaka huu ina ladha.

Nina swali moja tu kwako, halafu nafunga barua. Je, umenisamehe?

Usifanye haraka. Nimekaa.

Mwanao,
Maganga